Eda ya Semeni

Siku Dadi alipomwacha Semeni hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alikaa jikoni, kwenye nyumba yao ya ghorofani huko Rotterdam, akamsubiri mkewe afunge bomba la maji, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Semeni, nimekuacha. Talaka moja. Nenda kwa baba yako ukakae eda. Mambo yakitulia nitakurejea."

Semeni alijifuta mikono kwenye kanga. Alitaka kuuliza kosa lake, lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Na Nasra?"

"Nasra ana shule. Shule zikifungwa namleta mwenyewe mpaka Mchukwi, akale mabibo ya babu yake."

Nasra alikuwa na miaka sita. Semeni aliamini, na kwa nini asiamini? Dadi alikuwa kijana wa Mbuchi, aliyeanza maisha kwa kupakia boriti za mikoko kabla ya kupata kazi melini na kuishia kwenye maghala ya bandari ya Rotterdam. Alirudi kuoa kwa adabu zote. Mzee Hashimu, baba yake Semeni na mwalimu wa chuo cha Kurani alichosoma Dadi hapo Mchukwi, ndiye aliyemshika mkono akamwozesha. Huko ugenini waliishi miaka minane. Semeni alifagia maofisi, akajifunza Kiholanzi cha sokoni na cha shuleni kwa mtoto. Cha mahakamani hakuna aliyemfundisha.

Akarudi kwao. Baba yake alimpokea stendi ya Kibiti, akambebea begi, hakumwuliza neno mpaka walipofika nyumbani. Chumba cha uani kilikuwa kimeshafagiliwa.

"Kaa hapa, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Kuanzia siku hiyo Semeni hakutoka nje ya ua. Ndivyo ilivyo huku tangu zamani: mwanamke akiachwa hufunga mzigo wake, hurudi kwao, na eda huikalia mikononi mwa wazazi wake.

Shangazi yake, Zabibu, alikuja na ungo wa mchele na maneno yake.

"Enhe, Mzungu wetu! Huko Ulaya hakuna makungwi, au mume ulikuwa unamlisha makopo?"

"Shangazi, nilikuwa nampikia kamba wa nazi."

"Basi ana lake jambo huyo. Mwanamume wa Mbuchi haachi kamba wa nazi hivihivi!"

Wakacheka mpaka Mzee Hashimu akakohoa barazani.

Kila jioni Semeni alizungumza na Nasra kwa simu. Baadaye mtoto akawa amelala; mara yuko kwa rafiki yake; mara simu haipatikani kabisa. Semeni akamfuata baba yake.

"Baba, naomba niende nikamwone mwanangu. Moyo wangu haukai."

"Eda haijaisha, utatokaje? Timiza kwanza haki ya Mungu. Mtoto yuko kwa baba yake, hayuko porini."

Akarudi ndani. Alimtii baba yake, akaamini kwamba hapo hapo anamtii na Mola wake.

Eda iliisha bila Dadi kumrejea. Semeni akaenda Dar es Salaam kushughulikia safari, na huko akaambiwa kibali chake cha kuishi Uholanzi kimefutwa, maana kilisimama juu ya ndoa, na ndoa haipo tena. Haipo vipi? Aliyemfumbulia ni Rukaya, mwanamke wa Tanga aliyekuwa jirani yao kule. Alimweleza kwenye simu huku analia. Dadi alifungua kesi mara tu Semeni alipopanda ndege. Aliiambia mahakama kwamba mkewe amemtelekeza mtoto na hajulikani alipo. Mahakama ikamwita kwa tangazo, kwa lugha ya kule, katika nchi ambayo hayumo. Hakutokea. Ikavunja ndoa, ikampa Dadi mtoto.

Hajulikani alipo! Mtu aliyekula ubwabwa wa harusi kwenye uwanja wa Mzee Hashimu, akalala kwenye mkeka wake na kuamshwa naye kwa sala ya alfajiri, aliapa kwamba hajui mkewe yuko wapi.

Rukaya alimtafutia wakili, na rufaa ikapokelewa. Semeni angesikilizwa kwa video akiwa Kibiti, kwenye ofisi ya mtu mwenye mtandao mzuri. Siku ya kuamkia kesi wakili alipiga simu, Rukaya akitafsiri.

"Dada Semeni, wakili anasema habari ya eda hawataielewa. Sema ulifungiwa. Sema baba yako alikuzuia kutoka. Wakisikia hivyo watakuonea huruma, na mtoto utampata."

Mzee Hashimu alikuwa mlangoni anavua viatu. Alisikia kila neno.

"Sema, mwanangu. Nisingizie tu. Mimi mzee wa Mchukwi, hao Waholanzi watanifanya nini? Watakuja kunikamata kwenye mikorosho?"

"Baba, nitakuwa mbele ya hakimu. Na Mungu yupo."

Mzee akakaa chini, kiatu kimoja mguuni.

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye uso mpole. Mkalimani alikuwa Mkongo. Kiswahili chake kilikuwa cha upande mwingine, lakini walielewana. Dadi alionekana pembeni ya skrini, amevaa suti.

"Ulipokuwa kwa baba yako, mlango ulifungwa?" jaji aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa kwenye eda. Ni muda ambao mwanamke aliyeachwa hutulia ndani, kwa amri ya Mungu."

"Kama ungetoka, kuna mtu angekuzuia?"

"Mtu, hapana."

"Nani alikwambia uende Tanzania?"

"Mume wangu. Huyo hapo."

Dadi akaomba kusema. Kiholanzi alikijua, lakini alisema Kiswahili, makusudi, ili asikike vizuri Kibiti.

"Mheshimiwa, huyu hasemi kweli. Katika dini yetu, mwanamke mwenye talaka rejea hukaa eda ndani ya nyumba ya mumewe. Hatolewi wala hatoki. Baba yake ni mwalimu wa dini, yuko hapo ubavuni pake, muulizeni. Angetaka kukaa eda angekaa kwangu, karibu na mtoto wake. Aliondoka kwa hiari yake."

Semeni hakumtazama Dadi. Alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imemfunika macho. Hukumu ile ya eda aliisomesha watoto wa watu miaka yote, na miaka yote hiyo aliwaona wanawake wakirudi kwao na mizigo vichwani, wala haikumjia kuwaambia rudini mlikotoka. Dadi alikuwa mwanafunzi msikivu kuliko wote. Aliijua hukumu hiyo siku ile jikoni, aliposema nenda.

"Ni kweli, baba?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Ni kweli," Semeni akamwambia jaji.

Jaji akachukulia kwamba aliondoka kwa hiari, na mtoto akabaki kwa Dadi. Semeni akapewa haki ya kuzungumza naye kwa simu kila Jumamosi.

Marehemu Mzee Hashimu, Mungu amrehemu, katika mwaka wake wa mwisho alikuwa akisikia mwanamke kaachwa, anachukua bakora na kwenda kuwaambia wazee wenzake wasimpokee binti yao haraka. Wengi walimwona kachanganyikiwa. Kabla ya kufariki alimwomba Semeni radhi, yeye mzazi, na Semeni akampa bila kusita.

Mwaka huu Dadi alipata nafasi ya kwenda Hija. Anayekwenda Hija hutakiwa kwanza kutaka radhi kwa aliowadhulumu, kwa hiyo akamtuma mjomba wake, Mzee Shaabani, atoke Mbuchi mpaka Mchukwi.

"Mwanangu," alisema yule mzee, "mwenzio anakwenda kwenye nyumba ya Mungu. Tamka tu umemsamehe, nimpigie simu atulie."

"Mzee wangu, mwambie apitie hapa, aje na Nasra. Nikimshika mwanangu mkono, radhi nitampa papo hapo."

"Na asipoweza kumleta?"

"Basi aende hivyo hivyo."

Ulipoandama Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, Dadi alikuwa ameshafika Makka. Mchukwi hakupita. Jumamosi hiyo Nasra alimwambia mama yake kwenye simu kwamba baba kasafiri, na yeye ameachwa kwa mama mmoja anayefanya kazi na baba. Semeni akamwuliza kama amekula.