Makofi Niliyoyakana

Nakumbuka siku moja nilipopiga makofi mahali pasipo ngoma, mwanangu, na hadi leo viganja vinaniwasha nikiikumbuka.

Nilikuwa kijana, nikimsaidia Mzee Hamisi, mwenye duka la vitambaa hapa Kasulu. Alinichukua mpaka Unguja kufuata kanga. Mwenyeji wetu kule alikuwa dereva wa watalii, na asubuhi moja kiti kikabaki wazi garini, akanipakia. Tukaenda kijiji cha wenyeji wa kusini, watu waliokuwa kisiwani kabla ya hoteli zote. Mimi, mshamba wa kijiji cha Kitanga huku kwetu, niliazima hata miwani ya jua.

Watalii wakachezewa ngoma kiwanjani, wakapiga makofi. Mimi nikapenya uani, nikamkuta bibi mmoja anasokota kamba za makumbi ya nazi. Kwetu Buha, unajua, mkubwa haamkiwi kwa mdomo mtupu. Bila kufikiri nikainama, nikapiga makofi ya polepole, nikasema, "Mwakeye."

Bibi akaacha kamba. "Mie si ngoma, baba," akasema. "Ngoma iko kiwanjani. Hapa ni kwangu."

Dereva, aliyekuwa amenifuata, akacheka, akauliza hiyo ni lugha gani. Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kusema kwamba Waha ndivyo tunavyosalimu, niliona haya, nikajibu kwamba natania tu. Bibi akanipa kisogo, akaendelea na kamba yake.

Mzee Hamisi alipopata habari hakufoka. Aliniuliza tu kama mama aliyenifundisha makofi yale naye alikuwa akitania. Heri angenichapa. Mkataa kwao ni mtumwa, nami nilikuwa nimemkana mama yangu na kumtukana bibi wa watu kwa neno moja.

Kesho yake nikapanda gari la abiria la kwenda kijijini kule peke yangu. Safari hii nilibisha hodi, nikatoa shikamoo, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Akamalizia kusokota ncha ya kamba yake. Kisha akafuta mikono kwenye kanga yake, akapiga makofi mawili, polepole.

"Basi nifundishe na jibu lake," akasema.

Nililia, mwanangu, wala sioni haya kusema.

Siku hizi wageni wanafika hata huku na simu zao, nanyi mkiwaona mnaficha viganja mfukoni. Nakuusia hivi: usiingie ua wa mtu kama kiwanja cha ngoma, hata kama umelipa kiingilio. Na desturi ya kwenu ikimkwaza mwenyeji, ieleze. Usiigeuze mzaha, kwa kuwa mzaha huo unamuumiza mwenyeji na watu wa kwenu pia. Ukishindwa siku hiyo, rudi kesho.

Mungu akupe miguu ya kurudi ulikokosea, na akukutanishe na watu wa kukufungulia mlango. Haya, sasa niamkie kama alivyoamkiwa babu yangu, niyasikie hayo makofi.