Mtungi wa Keiko

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku Keiko alipotuletea ule mtungi. Alikuwa mwalimu kutoka Japani, amepanga chumba hapa kwetu Nyamache miaka ile ya sabini, na mama yangu alimpenda kama aliyemzaa. Mtungi wenyewe ulikuwa wa kijivu, mzito, mgumu kama jiwe, na ubavuni umechorwa nyasi za kahawia zilizoinamishwa na upepo. Baba yake Keiko ndiye aliyeufinyanga na kuuchora kwa mkono wake, katika karakana yake huko kwao. Aliuleta umejaa majani ya chai ya Japani, eti sisi wakulima wa chai nasi tuonje! Tulicheka sana.

Sasa, unatujua sisi Wakisii. Hatumrudishii mtu chombo chake kikiwa kitupu. Mama akaamua kuujaza nafaka ya wimbi ndipo aurudishe, tena wimbi safi. Msimu ule mvua ya mawe ikaharibu shamba. Msimu uliofuata, ndege wakamaliza.

"Ngoja kidogo," mama akasema. "Siwezi kumpa nusunusu nikaaibika."

Basi habari zikaja kwamba baba yake Keiko amefariki. Wiki hiyohiyo akafunga mizigo arudi kwao moja kwa moja. Alipokuja kuaga, aliutoa mtungi kwenye rafu, akazipapasa zile nyasi kwa kidole, akaukumbatia. Nikamtazama mama. Mama akatazama chini. Keiko akaurudisha mtungi palepale, taratibu.

"Kaa salama, mama."

"Nenda salama, mwanangu."

Alipotokomea njiani, mama alilia, wee! "Alikuwa anautaka," akaniambia. "Naye anaona haya kuuomba, na mimi naona haya kwa ajili ya wimbi! Si ningempa tu hivyohivyo?"

Keiko hakurudi tena. Miaka yote iliyobaki, gari likisimama barabarani, mama alikuwa akichungulia. Sasa mama naye ameshafariki, na jinsi ninavyomkosa siwezi kukueleza.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiwa na kitu cha mtu, au hata neno zuri unalomwekea moyoni, usingoje mpaka litoshe. Mpelekee leo, hata kama unaona aibu. Mungu akupe miguu ya kufika mapema kwa watu wako, mwanangu, na kila mlango utakaobisha, akufungulie yuleyule uliyemfuata.