Uzito wa Mbele

Mpaka leo, mtu akiniambia kwamba mwalimu fulani kasema jambo fulani, nauliza kalisema wapi na mbele ya nani. Wanangu huniona mkorofi. Waache wanione hivyo. Wao hawakusoma darasa la saba huku Kibondo katika miaka ile ya sabini, tulipokuwa tumeshahamishwa kutoka vilimani na kupangwa kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, kama madawati.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana wa Kasulu, mtoto wa mwenye duka, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi tuliokuwa tukiongea Kiha nyumbani. Nilimpenda, na sioni haya kusema, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina akili. Hakuwa na tabia ya kutupa jibu. Ukimuuliza kama jiwe kubwa huanguka upesi kuliko dogo, alikutuma ukalete mawe mawili, akakupandisha juu ya dawati uyaachie kwa pamoja. "Usiniamini mimi," alisema kila mara. "Pima." Tulipima, mawe yakagonga sakafu kwa pamoja, nami nikaenda nyumbani kubishana na bibi yangu mpaka akasema shule imeniharibu.

Siku hizo mgonjwa alibebwa kwa machela, ambayo sisi tuliiita ingobyi: miti miwili mirefu, katikati imesukwa matete, na wanaume wanne mabegani, wawili mbele na wawili nyuma. Kulikuwa na chama cha wabebaji. Ukiwa mwanachama unawabeba watu wa wenzako, na wako wanabebwa. Ukifukuzwa, basi mkeo akizidiwa utajua mwenyewe pa kumpitisha. Watu waliogopa kufukuzwa chamani kuliko walivyoogopa mahabusu.

Tulipohamia kijiji kipya, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa chama hicho, aliagiza machela mpya. Zile za zamani zilikuwa na kijiti kilichofungwa kukingama upande wa miguu, ili mgonjwa akikanyage wakati wa kuteremka. Mwenyekiti akasema hicho cha nini tena, hayo ni mambo ya vilimani, sasa tunakaa barabarani kama watu. Wanaume wakacheka wakakubali. Tatizo ni kwamba zahanati haikuhamishwa pamoja nasi. Ilibaki pale pale, ng'ambo ya kijito, na njia ya kwenda huko iliteremka na kupanda kama zamani.

Baba alikuwa mbele, upande wa kushoto, siku walipombeba mke wa kaka yake mwenyekiti. Wakiteremka kwenda kijitoni, baba akapiga goti, machela ikalala upande, na yule mama akaanguka akavunjika mkono. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba baba alilewa. Kila mbebaji hunywa kibuyu kimoja cha pombe ya ndizi kabla ya kuondoka, ndiyo desturi, na baba alikunywa kimoja kama wenzake watatu. Kesi ikapangwa Jumamosi. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba mbili zilizotangulia zilimtoa damu mpaka akabebwa. Kwetu hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Nilimuuliza baba ilikuwaje. Alifikiri kwanza, maana hakuwa mtu wa kujitetea ovyo. "Mwana wanje," akaniita kwa Kiha, yaani mwanangu, "uzito wote ulikuja kwangu ghafla. Nyuma hawakuwa wameachia. Lakini ulikuja."

Maneno hayo nikayapeleka kwa mwalimu. Macho yake yaling'aa. Aliazima mizani mbili za kuning'iniza, moja ya ushirika na nyingine ya kliniki, ile ya kupimia watoto wachanga. Alasiri, wenzangu walipokwenda shamba la shule, mimi na yeye tukazifunga kwenye boriti la darasa, tukaning'iniza ubao kati yake, kila ncha na mizani yake. Tukatoa kwanza uzito wa ubao wenyewe. Halafu tukaweka katikati mfuko wa maharage wa kilo kumi. Mbele tano, nyuma tano. Tukausogeza mfuko mpaka nusu ya safari ya kwenda ncha ya mbele. Mbele saba na nusu, nyuma mbili na nusu.

"Umeongeza maharage?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi wa mbele kazidishiwa mzigo na nani?"

Tukaurudisha mfuko katikati, tukainamisha ubao kama njia ya kijitoni. Mfuko ulikaa kidogo, kisha ukaserereka wenyewe hadi chini. Tukapigilia kijiti mbele yake na kuinamisha tena, na safari hiyo haukwenda popote. Niliandika kila namba katika daftari langu. Yule mama aliserereka kwa sababu hakuwa na pa kukanyagia, na aliyekuwa mbele akabeba sehemu ya wenzake bila kuarifiwa. Na aliyekiondoa kijiti alijulikana.

"Jumamosi nitasimama niseme," mwalimu akaniambia. "Ukweli hauna mkubwa."

Nilikimbia mpaka nyumbani. Baba alinisikiliza, akaniomba nimrudie zile namba, kisha akala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ni mimi niliyemshibisha tumaini.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Watoto tulikaa pembeni, mimi na daftari langu kifuani. Baba alieleza kwa ufupi, akasema kama hawamwamini yeye, wamuulize mwalimu aliyepima. Mwenyekiti akageuka taratibu. Mwalimu alikuwa akisubiri barua ya kumwidhinisha kwenda masomoni, na barua hiyo ilipaswa kutoka mkononi mwa mwenyekiti. Mimi sikujua. Wakubwa wote walijua.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "sisi hatukusoma. Tusaidie."

Mwalimu alisimama. Hakunitazama. "Ndugu mwenyekiti, ilikuwa michezo ya wanafunzi tu," akasema. "Mizani yenyewe ni ya kupimia watoto wachanga. Siwezi kusema lolote juu ya mtu mzima."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akauliza kama baba naye alining'inizwa kwenye mizani ya kliniki, wakacheka tena. Mimi nilitamani kusimama nimsomee kila mtu namba zile, lakini msichana wa miaka kumi na minne hakusimama katika mkutano ule, na mimi sikusimama. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi alinong'ona kwa Kiha. Baba akafukuzwa chamani, na ikatangazwa kwamba mwanachama yeyote atakayeingiza bega nyumbani kwetu atamfuata.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani akaandika ubaoni kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kisukumwe na kani. Akauliza nani atoe mfano. Alisubiri mkono wangu, nami nikaiweka mikono yangu chini ya dawati. Wakati wa kutoka akanisogelea, akasema nitaelewa nikikua. Sasa nina wajukuu, na bado nasubiri huko kuelewa kunifikie.

Uchungu ulimshika mama adhuhuri moja, na damu ikatangulia. Baba alipita nyumba za wenzake aliobeba nao miaka yote. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine alimtuma mkewe aje kusema hayupo, na tulimsikia akikohoa ndani. Alikuja baba mdogo kutoka Murungu, ambaye kwa bahati alikuwa ametutembelea. Alikuja jirani yetu aliyekimbia vita Burundi, ambaye hakuwa mwanachama wa chochote. Alisema tu, "Ego, ndaje," yaani ndiyo, nakuja, akavua koti. Pamoja na baba wakawa watatu. Machela hawabebi watatu.

Ndipo mwalimu akatokea nyuma ya migomba, peke yake. Hakusalimia. Alipiga magoti akafunga kijiti upande wa miguu ya mama kwa kamba ya mgomba, akakijaribu kwa mkono, akafunga tena. Baba alimtazama muda mrefu, lakini mkewe alikuwa akivuja damu, na mtu mwenye shida kama hiyo hachagui bega. Wakanyanyua: baba na jirani mbele, baba mdogo na mwalimu nyuma. Mimi nilifuata na kibuyu cha maji na khanga za mama.

Katika mteremko mama alikanyaga kijiti na hakuserereka hata kidogo. Niliona kwa macho yangu kile tulichokipima kikifanya kazi, na nikamchukia mwalimu zaidi, kwa kuwa kila kitu alikuwa anakijua. Tukavuka kijito. Tukaanza kupanda. Mama na mtoto walipona, nisikufiche hilo. Lakini wakati ule tulikuwa bado hatujui, na mama alikuwa ameacha kulia, jambo lililotutisha kuliko kilio.

Karibu na kona ya mwisho, pale unapoanza kuliona bati la zahanati, mwalimu alipunguza hatua. Wiki ile mwenyekiti alikuwa akishinda pale akisimamia ujenzi wa nyumba ya muuguzi, na sauti za mafundi zilikuwa zinatufikia. Mwalimu akaniita kwa kichwa. Nilidhani anataka maji.

"Shika hapa," akaninong'oneza. "Barua yangu haijatoka."

Nikaweka kibuyu chini, nikaingiza bega. Naye akatoka chini ya mti wa machela, akashika njia ya kurudi bila kugeuka. Tulikuwa tunapanda, kwa hiyo mama alikuwa ameserereka kuja nyuma, na hakuna mtu aliyehitaji kunitajia namba. Nilizisikia mfupani.

Baba alihisi machela imeyumba. Hakuweza kugeuza shingo. "Mwalimu," akauliza, "umechoka?"

"Ni mimi, baba."

Alipiga hatua tano au sita. Kisha akawaambia wenzake wapunguze mwendo.