Kiboksi cha Mume wa Shangazi

Kazi yangu ni kutafuta ugonjwa wa akili ndani ya damu za watu. Nikilisema hilo kwenye baa za Gisimenti, hapa Kigali, watu wanasogeza viti. Nachukua damu ya mgonjwa, kisha nachora ukoo wake: mwanamume kiboksi, mwanamke duara, anayeumwa napaka wino mweusi. Michoro yangu mingi imejaa mistari ya waliokufa mwaka ule mmoja wa mauaji ya kimbari. Sina wa kumuuliza.

Kwa hiyo nilipoipata familia moja ya Biryogo, iliyorudi kutoka Tanzania na vizazi vitatu vizima, jamani, mate yalinidondoka. Nisijitie wema: sikuona watu, niliona mchoro.

Mama wa nyumba ile alikuwa mjane, fundi cherehani. Mwanawe wa kiume alikuwa akisikia sauti tangu amalize shule, na ndugu na majirani walikuwa wameambiwa yuko Mwanza anafanya kazi. Mwanza wapi! Alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye mkeka, akaniuliza kwa upole kama na mimi nazisikia. Dada yake alikuwa ameshachumbiwa, harusi baada ya Idi.

"Damu chukua, binti yangu," mama aliniambia. "Na wifi yangu mpigie, akueleze ukoo wa marehemu. Lakini huyu mtoto usimtaje. Utaniulia binti."

Nikaahidi. Na haki ya Mungu, sikumtaja. Nilimpigia huyo wifi, shangazi wa watoto, anakaa Busanza, nikafuata fomu yangu neno kwa neno. Kuna mtu kwenye ukoo anayesikia sauti? Aliyewahi kulazwa kwa ajili ya akili? Babu? Ndugu zako? Watoto wa kaka yako? Nilipofika hapo akanikatiza.

"Kumbe ndiyo maana yule wa Mwanza haonekani," akasema, akakata simu.

Mume wa shangazi nilikuwa nimemchora kiboksi kitupu. Ndivyo tulivyofundishwa: aliyeoa kwenye ukoo hana damu ya ukoo, muache mweupe. Sikuuliza hata ni mtu wa wapi. Kumbe ni baba mdogo wa bwana harusi, na ndiye aliyekuwa mshenga! Hapa kwetu, kabla ya kuoa, watu wanachunguza ukoo kuliko polisi. Hilo nalijua, hata mimi nilichunguzwa. Lakini nilikuwa na fomu mkononi, nikajiona msomi, nikachemsha vibaya sana. Wiki haikuisha, upande wa mume wakatuma watu kusema harusi hakuna.

Nikaenda kuomba radhi. Mama hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Binti ndiye aliyenitoa mpaka kichochoroni. Hakulia wala hakunitukana. Heri angenitukana.

"Dada, niandikie karatasi," akasema. "Yenye muhuri. Useme damu yangu ni safi, niwapelekee."

"Siwezi."

"Kwa hiyo si safi?"

Nikaanza kueleza. Kwamba jeni zenyewe ni nyingi, kila moja inachangia kidogo mno. Kwamba kaka kuumwa si lazima na dada aumwe. Kwamba hakuna kipimo duniani cha kumwambia yeye ndiyo au hapana, pengine miaka ijayo, tukipata familia nyingi zaidi kama yao. Nilijisikia nikiongea, nikajichukia. Kusoma kote kule, na hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kumpa msichana aliyevunjiwa harusi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono ameikunja kifuani.

"Basi kama hamjui," akasema, "mlikuwa mnauliza nini?"

Akarudi ndani, akaufunga mlango taratibu, kaka yake asishtuke.