Nilimwandikia baba nguvu ambazo hana

Admin, naomba unifiche, huku kwetu Ngara tunajuana. Nina miaka 29, mtoto mmoja, na ndoa ilishanishinda nikarudi kwa wazazi huku Kanazi.

Baba yangu ana miaka 61 na anabeba ndizi kwa baiskeli kupeleka sokoni. Milima ya huku inamaliza breki, kwa hiyo wabebaji wakishuka wanakandamiza tairi la nyuma kwa soli ya katambuga, vile viatu vya tairi. Breki ni mguu wako mwenyewe.

Basi wakaja watafiti. Walitaka kujua soli ya aina gani inashika vizuri, msuli unachoka kiasi gani baada ya kupanda mlima, na mtu aliyechoka anaweza kusimamisha baiskeli au ndiyo hivyo tena. Nikapata kibarua cha kuandika namba. Kila mbebaji alikanyaga kifaa chenye mshale unaoonyesha nguvu ya mguu asubuhi, halafu tena baada ya kupanda na mzigo.

Asubuhi baba aliwashinda hata vijana, wakampigia makofi. Aliporudi kutoka mlimani akakanyaga tena, goti likawa linatetemeka, mshale ukasogea kidogo tu. Yeye haoni vizuri vitu vya karibu. Vijana wote wamemzunguka, wanasubiri. Akaniuliza, "Imekuwa ngapi, mama?"

Jamani, ni baba yangu. Nikasema, "Ileile ya asubuhi, baba." Nikaiandika hivyohivyo.

Kila mmoja alipewa karatasi yenye namba zake. Ya baba iko ndani ya Biblia yake. Kabla ya siku hiyo alikuwa anabeba mikungu minne, sasa anafunga sita, na ukimwambia apunguze anakujibu, "Mguu huu umepimwa!" Wiki iliyopita kona ilimshinda akaishia kwenye shamba la mihogo la watu, akarudi shavu limechubuka. Eti soli ililowa. Nilimwosha kidonda huku nimegeuza uso, na mama akadhani naogopa damu.

Sasa anataka kumpeleka mwanangu shule kwa baiskeli hiyohiyo, kwa sababu shule iko chini ya mlima. Nilipokataa aliumia kweli. "Mama, umeniona mzee? Si uliandika kwa mkono wako?"

Nimeshampigia mtafiti nikakiri. Hakunigombeza, alisema tu kwamba namba ile ataitoa kwenye kazi yake. Nilifikiri nitapumua, wapi! Ile iliyo kwenye Biblia bado ipo, na Jumapili baba aliitoa akawaonyesha wageni.

Najua nilikosea, msinitukane sana. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na mwanangu ameshaambiwa na babu yake kwamba atapanda mbele. Ninyi mliowahi kumwambia mzazi wenu kwamba nguvu zimemwisha, mlianza na neno gani? Nisaidieni hilo la kwanza tu.