Mgongo wa Picha ya Baba

Juzi mjukuu wangu Zahra alinipeleka maktaba hapa Harrow, kwa Waingereza, nikauona uso wa Bi Remedios kwenye jalada la kitabu. Nilipokuwa mtoto, Mhispania yule alipanga chumba cha juu yetu, sisi Wahindi tuliofika kutoka Unguja. Zahra akanisomea: alikuwa mwanahistoria wa sanaa, aliikimbia nchi yake, akamaliza maisha akitafuta nani alichora picha za kale za makanisani.

Mimi nilijua tu kwamba anasoma picha, nikadhani ni kama mpiga ramli. Chumba chake kilinuka kahawa na tapentaini ya kusafishia rangi, na kila picha aliigeuza kwanza.

"Mgongoni ndiko inakosema ilikotoka na ilikopita," aliniambia, kwa Kiingereza kibovu kama changu.

Basi alasiri moja, mama yangu Shirin akiwa kazini, nilimpelekea picha ya baba yangu Akbarali, aliyebaki Unguja bila kutuandikia barua.

"Niambie yuko wapi sasa."

Aliigeuza, akashika lenzi yake. Hita ya gesi ilivuma.

"Naona muhuri wa studio, na gundi ya albamu. Basi, mwanangu."

"Tazama tena, Bi Remedios."

Akatazama tena, kitambo kirefu, akanirudishia picha, akaiweka lenzi mezani.

Nikaamini ameona, ananificha. Tangu siku ile sikumwamkia, mpaka alipohama. Baba hakuja.

Zahra alipomaliza kusoma, nikajua kuwa yule bibi hakuwa ameona kitu zaidi ya muhuri na gundi. Nikamwambia Zahra akirudishe kitabu, twende nyumbani.