Viazi vya Arusi Yetu

Mhudumu wa mgahawa ule mkubwa wa Kindu, unaotazama mto Lualaba, huweka sahani mezani bila kusikika. Mikono yake imeanza kutetemeka, kwa hiyo siku hizi hubeba glasi mojamoja, polepole, na kifungo cha juu cha koti lake jeupe hakifunguliwi hata jua likiwa kali. Kila chakula hukitaja kwa sauti ya chini, kama anayemtambulisha mgeni wa heshima. Ndivyo alivyotuhudumia mwaka 2002, mimi na Odette tulipofunga ndoa. Vita ilikuwa imefunga barabara na reli, sokoni hapakuwa na kitu. Alituletea supu ya viazi vitamu, kisha viazi vitamu vya kuchemsha, kisha vya kuchoma, akibadilisha sahani na uma kila mara. Odette akaanza kulia. Mhudumu akainama. “Madame, samaki iko. Iko mu mutoni, inangoja vita iishe.” Bibi arusi wangu akacheka mpaka shela ikaanguka.

Juzi mchana tulirudi kusherehekea miaka ishirini ya ndoa. Nikamwuliza, “Papa, siku ile viazi ulivitoa wapi?”

“Kwangu,” akasema, huku akimimina maji. “Ilikuwa ndiyo chakula yetu yote ya nyumba. Bibi yangu ya ndoa hakunisemesha siku tatu.”

Odette akaweka uma chini, akamwuliza huyo mama anakaa mtaa gani.